Bariyeri ya mvua ilikuwa ya barabara. Bariyeri ya leo ni ya nani?

ALIMBONGO, teritwari ya Lubero. – Kila aliyepita kwenye barabara ya kitaifa namba 2 anaujua mti ule. Ni mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili. Upande mmoja umefungwa jiwe ili uwe mzito, upande mwingine umefungwa kamba. Kamba ikilegezwa, mti unapanda na gari linapita. Kamba ikivutwa, mti unashuka na watu wote wanasimama. Vijana wengi wa Lubero wamezaliwa wakiukuta mti huo, na wengi wanadhani uliwekwa tangu mwanzo ili watu walipe.

Si hivyo. Na kwa sababu watu wamesahau mti uliwekwa kwa nini, wanakosa neno la kujibu wanapoombwa feza mbele yake. Wanaingiza mkono mfukoni, wanatoa, wanapita, wanasema ndivyo mambo yalivyo.

Neno la kujibu lipo. Bariyeri iliwekwa kwa ajili ya barabara. Anayeshika kamba bila kushika jembe hana haki ya kuomba hata franga moja. Na anayeomba feza kwa mtu anayekimbia vita na watoto mgongoni, huyo hakusanyi kodi, ananyang'anya.

Udongo ndio ulioleta bariyeri

Mtu wa Alimbongo hahitaji injinia wa kumfundisha juu ya udongo wa huku. Ni milima mirefu, kuna baridi na ukungu, na mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka. Udongo unaozaa viazi, kabichi, puaro na ngano ndio huo huo unaobeba malori. Ukiwa mkavu, ni mgumu kama tofali. Ukilowa, unageuka kuwa sabuni.

Lori lenye mzigo likipita juu ya udongo uliolowa, magurudumu yanachimba mifereji miwili. Mvua ya kesho haitateremka tena pembeni, itakaa ndani ya mifereji hiyo. Lori la pili litachimba zaidi. Lori la tatu litakwama, na madereva watachimba shimo ili kulitoa, wataweka mawe na matawi, na shimo litabaki. Katika wiki moja, kipande ambacho watu walikitengeneza kwa mwezi mzima kinakuwa ziwa la matope.

Lakini mvua ikiisha, maji yakiteremka kwenye mifereji ya pembeni, na jua au upepo ukipita juu, udongo ule ule unakaza tena. Kinachohitajika ni masaa machache ya subira. Kwa hiyo watu waliotengeneza barabara za udongo waliweka sheria nyepesi: mvua ikianza, mti unashuka, mvua ikiisha, watu wanangoja masaa kadhaa, udongo ukikauka, mti unapanda. Mtu wa miguu alipita. Mwenye baiskeli alipita. Aliyezuiliwa ni gari zito, kwa sababu ndilo linaloumiza barabara. Wafaransa na Wabelgiji waliita mti huo barrière de pluie, bariyeri ya mvua. Ilitumika Kongo, na ilitumika pia katika nchi nyingine za Afrika zenye barabara za udongo, kama Kameruni na Gabon.

Hakuna feza katika sheria hiyo. Ni saa tu, na macho ya kutazama udongo.

Waliolima barabara ni babu zetu, si mashine

Historia hii lazima isemwe yote, bila kuipaka sukari. Barabara inayopita Alimbongo haikutengenezwa kwa wema. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, wakoloni Wabelgiji walitaka mali ya Kivu. Mwaka 1925 walifungua hifadhi ya Albert, ambayo leo inaitwa Virunga. Mwaka 1928 waliunda Comité National du Kivu, shirika lililogawa mashamba kwa wazungu. Katika milima ya Lubero walikuja walowezi wa kahawa, ngano na mboga, na kampuni ya dhahabu, Minière des Grands Lacs, ilitafuta wafanyakazi katika vijiji. Mashamba na dhahabu vilihitaji njia ya kutokea. Waliochimba njia hiyo ni wanaume wa vijiji, kwa majembe na vikapu.

Mwaka 1933 sheria ya kikoloni ilipanga kazi za lazima kwa raia, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, siku hizo zilipandishwa hadi 120. Aliyekataa alikamatwa au kupigwa fimbo. Pembeni mwa barabara kila kijiji kilipewa kipande chake. Kazi ya kantonye ilikuwa kufungua mifereji, kukata majani, kujaza mashimo kabla hayajakuwa makubwa, na kuweka mgongo wa barabara ili maji yaende pande mbili. Kapita alipita kukagua.

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba enzi ya Wabelgiji ilikuwa nzuri. Barabara ilikuwa nzuri, lakini mtu aliyeilima hakuwa huru. Kitu cha kuokota katika historia hiyo si fimbo. Ni mpango wa kazi: bariyeri na jembe vilikwenda pamoja. Aliyeshusha mti wakati wa mvua alikuwa wa kundi lile lile lililofungua mfereji asubuhi yake. Alijua akiuinua mti kabla ya wakati, kesho yake ni yeye na ndugu zake watakaojaza shimo.

Watu wa nchi za mifereji wanalijua jambo hili

Huko Ulaya, kabla ya magari na treni, mizigo ilisafiri kwa mashua ndani ya mifereji iliyochimbwa na watu. Kule Ufaransa upo mfereji unaoitwa Canal du Midi, wenye urefu wa kilometre 240 hivi, uliofunguliwa mwaka 1681. Mashua zake lazima zipande na kushuka vilima. Kwa hiyo njiani waliweka vyumba vya maji vyenye milango miwili. Mashua inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaingizwa hadi mashua inainuka, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Milango yote miwili ikifunguliwa mara moja, maji yanateremka yote na mfereji unakauka. Mlinzi wa milango anakaa pale pale pembeni, kwa sababu kosa lake ni hasara ya mashua zote.

Mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alimpa mtu aliyeuchimba, Pierre-Paul Riquet, pamoja na ukoo wake, haki ya kulipisha mashua. Lakini haki hiyo ilifungwa pamoja na mzigo: ukoo huo ulipaswa kuutunza mfereji. Hata mfalme wa karne ya 17, ambaye hakuulizwa na raia hata mmoja, alielewa kwamba anayekula kwenye njia lazima aitengeneze njia. Huku Lubero, katika karne ya 21, kuna watu wanaotaka kula njia tu.

Siku feza ilipoinua mti

Baada ya uhuru wa 1960, barabara zilibaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1971 iliundwa Office des Routes ili izitunze barabara za nchi. Mobutu alileta salongo, na watu wakatoka tena na majembe kwa amri. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hazina ya nchi ilianza kukauka. Bei ya shaba ilianguka. Zairianisation ya 1973 iliweka mashamba na maduka mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuyatunza. Mashine za barabara zilikosa vipuri na mazuti. Makantonye walikaa miezi bila mshahara. Na feza yenyewe ikafa: mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, moja ikibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3.

Hapo ndipo bariyeri ilipogeuka. Tujaribu kuwaza mlinzi wa kamba ambaye hajalipwa. Mvua inanyesha, mti uko chini, malori yamesimama. Dereva mmoja amebeba mboga za Lubero zinazooza akingoja. Anashuka, anaingiza mkono mfukoni, na mti unapanda. Mlinzi amekula, dereva amepita, barabara imekufa.

Hilo si jambo dogo, ni kugeuza sheria juu chini. Bariyeri ya mvua ilikuwa kufuli inayofungwa mvua inaponyesha. Feza iliifanya kuwa kufuli inayofunguliwa mvua inaponyesha, kwa sababu ndipo dereva yuko tayari kulipa zaidi. Jua likiwaka, ambapo hakuna sababu ya kumzuia mtu yeyote, mti ulianza kushuka pia, kwa kuwa mlinzi alikwisha kuonja. Toka siku hiyo bariyeri haikuhitaji mvua tena. Haikuhitaji hata barabara. Ilihitaji mtu anayepita tu.

Wafanyabiashara wa Butembo walionyesha kwamba kulikuwa na njia nyingine. Serikali ilipowaacha, walichanga feza zao kutengeneza vipande vya barabara, na pia uwanja wa ndege wa Rughenda. Walifanya hivyo kwa faida yao, ni kweli. Lakini aliyetoa mchango aliweza kwenda kutazama kazi iliyofanywa. Kipimo hicho, kwenda na kutazama, ndicho kilichopotea.

Kisha bunduki zikashika kamba

Vita vilipoingia, kamba ilibadilisha mikono mara nyingi. Kanyabayonga ilikuwa mpaka kati ya majeshi ya waasi, upande mmoja RCD-Goma, upande mwingine RCD-ML ya Butembo na Beni. Mwaka 2003 mapigano yalipanda barabara hii hii hadi Lubero. Kila jeshi lililokuja lilikuta nguzo mbili zimesimama tayari, na kila jeshi liliziacha zikiwa zimeongezeka. Majina ya vikundi yalibadilika, bei ilibadilika, lakini mti haukuondoka.

Mwaka 2017, shirika la utafiti la IPIS lilitoa ripoti juu ya bariyeri za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Watafiti wake walihesabu bariyeri 798 katika majimbo hayo mawili. Kichwa cha ripoti kilisema kwamba kila kinachotembea kitatozwa. Na walikuta mezani watu wa kila namna: vikundi vyenye silaha, lakini pia wanajeshi wa taifa na wafanyakazi wa serikali. Kwa hiyo uovu huu hauna sare moja. Anayetaka kuusemea upande mmoja tu na kuufunika upande mwingine, anajitafutia bariyeri yake mwenyewe.

Kisha vita vya karibuni vikaja. Tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikono ya M23. Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya Kirumba. Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo. Familia zilipanda kuelekea Lubero, Musienene na Butembo, zikiwa na magodoro juu ya chukudu, sufuria ndani ya mifuko, mbuzi kwa kamba. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu kabla ya kufika hapo. Barabara ikakatwa vipande, huku wanatawala hawa, huku wanatawala wale. Na mahali barabara inapokatwa ndipo bariyeri zinapozaa.

Mama wa Alimbongo anayerudi shambani kuchimba viazi vyake ili watoto wale kule alikokimbilia, anapita wapi? Ni barabara hiyo hiyo. Analipa akienda mikono mitupu, analipa akirudi na mfuko. Mfuko ukifika soko la Butembo, bei yake imekwisha kuliwa njiani, na mnunuzi anamlaumu mama kwamba viazi vimekuwa ghali. Kumbe viazi havikupanda bei shambani. Vilipandishwa kwenye kamba.

Maneno ya kuitetea bariyeri, na majibu yake

Wapo wanaosema bariyeri inalinda usalama: bila bariyeri, adui atapita. Haya, tukubali kwamba wakati wa vita mtu anaweza kusimamishwa na kuulizwa anatoka wapi. Basi asimamishwe, aulizwe, aangaliwe, apite. Feza inalinda nini hapo? Kama mtu mwenye nia mbaya anaweza kupita kwa kutoa franga elfu moja, bariyeri hiyo haijamzuia adui, imemuuzia njia. Na mtu mwema asiye na elfu moja ndiye anayebaki amesimama kwenye mvua. Bariyeri inayofunguliwa kwa feza haiwezi kuwa bariyeri ya usalama. Vitu hivyo viwili havikai pamoja.

Wapo wanaosema: watoto wetu walioko kwenye vita hawalipwi, wanakula wapi? Swali hilo ni la kweli na linauma. Lakini lipelekwe kwa yule aliyewatuma kupigana. Mpiganaji mwenye njaa ana deni kwa mkubwa wake, si kwa mama mwenye mfuko wa viazi. Raia wa Lubero wametoa chakula mara nyingi kwa moyo wao, wakipika na kupeleka. Kutoa kwa moyo na kutozwa chini ya mtutu ni mambo mawili. Anayeyachanganya anaharibu lile jema kwa ajili ya lile baya.

Wapo wanaosema: péage ni halali, barabara lazima ipate feza. Hili ndilo neno zito kuliko yote, na linastahili jibu zito. Ni kweli, sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Mfuko huo unakula mahali pawili: kwenye péage, na kwenye mafuta ya magari. Maana yake ni kwamba motari aliyejaza petroli iliyoingia nchini kwa njia ya halali amekwisha kuilipia barabara kabla hajawasha pikipiki. Akifika kwenye péage ya kweli analipa mara ya pili. Bariyeri ya tatu, ya nne na ya tano zinamlipisha kwa ajili ya nini?

Katiba ya nchi ya Februari 2006 ni wazi. Kifungu cha 174 kinasema kwamba hakuna kodi isipokuwa ile iliyowekwa na sheria. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea bila kuzuiliwa, kwa namna sheria inavyopanga. Amri aliyoitoa mkubwa fulani jana usiku si sheria. Karatasi iliyopigwa muhuri bila jina la ofisi na bila bei si sheria. Na sauti ya mtu aliyeshika bunduki, hata ikisema kwa upole, si sheria.

Anayekimbia hadaiwi

Katika yote haya kuna jambo moja lisilohitaji majadiliano marefu. Mtu anayekimbia vita hapaswi kulipishwa njia. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa uliweka kanuni juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, na kanuni ya 15 inasema wazi kwamba wana haki ya kutafuta usalama mahali pengine katika nchi. Lakini kabla ya Umoja wa Mataifa, wazee wa huku walilijua jambo hilo. Nyumba ikiwaka moto, hakuna anayesimama mlangoni kuwadai ushuru wale wanaotoka.

Kumlipisha mkimbizi ni kumpa hesabu mbaya sana ya kufanya: nilipe nipite leo, au nibakishe feza ya chakula cha kesho na ningoje hapa milio ikikaribia? Familia yenye watoto sita, kama kila kichwa kinahesabiwa, inaweza kulazimika kuuza mbuzi wake pale pale kwa bei ya kutupa. Na yule anayenunua mbuzi huyo kwa bei ya kutupa, mara nyingi anajua vizuri kwa nini anauzwa.

Ni hivyo pia kwa wanaorudi. Vita vikitulia kidogo, watu wanataka kuona nyumba zao, kupanda kabla msimu haujapita. Msimu haungoji mkutano wa wakubwa. Kila siku mkulima anayozuiliwa kwenye kamba ni siku isiyopandwa kitu, na miezi mitatu baadaye njaa inakuja Butembo, kwa watu ambao hawakuiona hata bariyeri moja.

Irudi kuwa bariyeri ya mvua

Kuna anayesema: basi ziondolewe zote. Amri za kuondoa bariyeri zimetolewa mara nyingi katika jimbo hili, hata wakati wa utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021. Mti unaondolewa asubuhi, jioni uko mita mia moja mbele. Amri peke yake haitoshi kwa sababu inapigana na mti, haipigani na ile hali ya kutotoa hesabu.

Dawa ni kuirudisha bariyeri kwenye kazi yake ya kwanza, na kuikataa kazi nyingine yoyote. Njia ya kufanya hivyo inajulikana, na si ngeni huku. Zipo kamati za vijiji za kutunza barabara, zinazoitwa CLER, ambazo kazi yake ni hiyo hiyo ya makantonye wa zamani, ila bila fimbo: watu wa kijiji wanapewa kipande, wanafungua mifereji, wanajaza mashimo, wanasimamia bariyeri ya mvua, na wanalipwa kwa kazi iliyoonekana. Hiyo ndiyo sehemu njema ya historia, iliyooshwa kutoka kwenye utumwa.

Kamati ya namna hiyo ikishika kamba, mambo yanakuwa mepesi kuyapima. Mvua inanyesha au hainyeshi, kila mtu anaiona. Mti ukiwa chini wakati wa jua, ni wizi. Mti ukiwa juu wakati wa mvua na lori linapita, ni rushwa. Hakuna haja ya kupeleleza mtu, ni kutazama mbingu na kutazama mti.

Na mahali ambapo malipo ya halali yanabaki, yapimwe kwa mambo manne. Karatasi itaje ofisi, bei na tarehe. Anayelipa mara moja kwa kipande kimoja asilipishwe tena kwa kipande hicho. Anayekimbia vita, anayerudi nyumbani, mgonjwa na maiti wapite bure. Na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu, sokoni, kanisani, msikitini na kwenye redio: feza kadhaa ziliingia, zimetengeneza kipande hiki hapa, nendeni mkatazame. Asiyeweza kuonyesha kipande, alegeze kamba na aende nyumbani.

Hayo yanawahusu wote wanaotawala kipande chochote cha barabara hii leo, iwe kwa jina la serikali, iwe kwa jina la uasi, iwe kwa jina la kulinda udongo wa mababu. Kila mmoja wao anasema anapigana kwa ajili ya raia. Raia huyo anapita mbele yao kila siku na mfuko kichwani. Wanaweza kuanza na yeye.

Watu wa Alimbongo, walioko nyumbani na walioko Butembo, Musienene na kwingineko, hawana bunduki ya kuinua mti. Lakini wana kumbukumbu, na kumbukumbu haitozwi. Wazee waliowahi kuwa makantonye, au walioona baba zao wakiwa makantonye, wawaambie watoto kwamba mti huu ulikuwa wa kuzuia lori wakati wa mvua, na mtu wa miguu alipita. Watoto wakilijua hilo, siku moja watakapoulizwa feza na jua linawaka, watauliza swali ambalo hakuna aliyeshika kamba anayependa kulisikia: mvua iko wapi?